Uso Mmoja kwa Wana Wote

Sufuria ya uji ilikuwa bado inabingirika sakafuni Doña Fina alipomfikia mgeni na kumkumbatia kiunoni, maana kimo chake hakikumruhusu kufika juu zaidi.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na bila shaka umeibeba picha hiyo wiki nzima: mama mzee, shali begani, amemganda mwanamume mwenye uso ule ule uliobandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia hapa Xalapa mpaka bandarini Veracruz. Uso wa Rubicel, mwanawe wa pekee, aliyetoka nyumbani akiwa na miaka kumi na sita kwenda kununua betri za redio, asirudi.

Aliyeutengeneza uso huo ni Nohemí Zavaleta, naye alikuwa amesimama dirishani na kikombe mkononi. Alikuwa ameichukua picha ya mwisho ya kijana huyo, akailisha kompyuta, akaiagiza imwongezee umri mpaka awe mwanamume anayekaribia thelathini. Uso ukatoka. Haukuwa wa mtu yeyote aliyepata kumwona. Sasa ulikuwa umeingia mlangoni kwa miguu yake, umelowa manyunyu.

"Umekonda," Doña Fina alimwambia.

"Mama, nisikilize." Mgeni hakumsukuma. Mikono ilikuwa imemning'inia kama ya mtu anayepimwa shati kwa fundi. "Mimi siye."

"Walikuwa wanakulisha nini huko?"

"Naitwa Anselmo Tirado, mama. Nimetoka Puebla na basi la alfajiri. Nimekuja kuwaomba mniondoe kwenye nguzo."

Chumba kile kilikuwa nyuma ya duka la rangi, na kila Jumanne walikutana humo akina mama wanaotafuta watoto wao. Mmoja wao akanong'ona kwamba wapo matapeli wanaopenda kuchezea vidonda vya watu. Doña Hermelinda, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupandishwa, akatia komeo mlangoni na kumtaka mgeni kitambulisho.

Akakitoa. Hermelinda akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia, akasema vitambulisho siku hizi vinauzwa sokoni pamoja na vitunguu.

Basi Anselmo akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuieleza habari hiyo mara nyingi mno. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Tangu matangazo yafike Puebla, watu walimsimamisha njiani, wakamshika mkono, wakampiga picha kwa kuibia. Mwanamke mmoja alilia mbele yake kituoni hadi basi likawaacha wote wawili. Halafu jirani akaeneza kwamba kumbe Anselmo ni jina la bandia, na mtu asiyetumia jina lake ana jambo analolikimbia. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto bwawani. Mwishowe, juzijuzi, gari lenye vioo vyeusi lilimfuata taratibu mtaa mzima. Kioo kikateremka kidogo. Mtu aliyekuwa ndani akamwambia, "Kumbe u hai," na gari likaondoka.

Hapo ndipo alipopanda basi.

Nohemí alikuwa akimsikiliza nusunusu. Macho yake yalikuwa kwenye kidevu. Kidevu cha Anselmo kilikuwa na kishimo katikati, na kishimo hicho kilikuwepo pia kwenye tangazo. Lakini Rubicel wa miaka kumi na sita hakuwa nacho. Doña Fina hakuwa nacho, wala marehemu baba wa kijana, ambaye picha zake Nohemí alizijua kama za ndugu zake mwenyewe. Kishimo kilitoka wapi?

"Mpigie mama yako," alisema. Ndilo neno la kwanza alilolitamka asubuhi ile.

Anselmo akampigia kwa video. Akatokea mwanamke mwenye mvi, amefunga aproni, nyuma yake nguo zimeanikwa. Alikuwa na kishimo kidevuni. Mwanawe alimweleza mambo kwa kifupi, kisha akaigeuza simu imwelekee Doña Fina.

Wanawake wale wawili walitazamana. Doña Fina alikuwa bado ameushika mkono wa Anselmo, na kila mtu chumbani aliona vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja. Akamnyoosha kola ya koti. Akampangusa manyunyu begani.

"Nisamehe, dada," aliiambia simu. "Nimekushikia mwanao kidogo."

Mwanamke wa upande wa pili aliisogelea simu.

"Mshike tu, dada," mwanamke alijibu. "Ukihitaji, mshike tena."

Doña Fina hakumshika tena. Aliinama, akaokota sufuria, akaanza kupangusa uji sakafuni kwa shali yake, na wenzake walipotaka kumsaidia aliwafukuza kwa mkono.

Sasa tumfuate Nohemí, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Alikaa pembeni na kompyuta yake ya mapajani. Kazi hii ya nyuso aliianza na modeli moja tu ya akili mnemba, aliyoifunza mwenyewe kwa uvumilivu mkubwa, kwa kuionyesha picha za watu waliopigwa utotoni wakapigwa tena ukubwani. Ilikuwa nzito kama punda aliyegoma. Uso mmoja ulichukua nusu siku, lakini ulikuwa na adabu: haukuongeza kitu ambacho kijana hakuwa nacho.

Akina mama walikuwa wengi. Kila Jumanne walizidi. Walimsubiri mlangoni, walimsubiri sokoni, na wasiosema kitu ndio waliomchosha zaidi. Akasikia habari za modeli nyingine, ya bure mtandaoni, inayochora uso kwa hatua nne tu, kahawa kabla haijapoa. Akazichanganya mbili hizo zikawa modeli moja. Mwanzo alizipa mizani sawa, nusu kwa nusu. Ilikuwa na kasi kiasi. Akaisogeza mizani kidogo upande wa ile nyepesi, kisha kidogo tena, kila alipochoka. Nyuso zikatoka safi, zinang'aa, akina mama wakazibusu.

Siku ile aliifanyia jaribio ambalo angepaswa kulifanya mapema. Hakuipa picha ya mtoto yeyote. Aliiandikia tu: mwanamume, miaka thelathini hivi.

Akatoka Anselmo.

Akabadilisha mbegu, yaani ile namba ambayo kila mchoro huanzia kwayo, ili uso uje tofauti. Akatoka Anselmo, safari hii amevaa miwani. Akabadilisha tena. Anselmo mwenye ndevu. Anselmo anacheka.

"Kaka," alimwita bila kuinua macho, "umewahi kupigwa picha za matangazo?"

Anselmo alisogea, akatazama, akavuta kiti akakaa. Alisema ndiyo, zamani, alipokuwa anatafuta ada ya chuo. Studio moja ilimweka siku kadhaa mbele ya pazia jeupe. Cheka, nuna, geuka, shika mswaki, shika simu, jifanye baba. Picha zake ziliuzwa kwa yeyote aliyetaka. Aliwahi kujiona kwenye chupa ya shampuu katika nchi ambayo hajafika.

Basi ikaeleweka. Aliyeitengeneza modeli nyepesi aliilisha picha hizo kwa mafungu, nayo kwa kutaka kuwahi ilijifunza njia ya mkato: ikiagizwa mwanamume, inaanzia kwa Anselmo. Na yeye Nohemí alikuwa amempandisha huyo juu ya kila mtoto aliyeletwa kwake.

Akanyanyuka, akaenda kwenye ukuta wenye matangazo. Hakuhitaji kueleza sana. Alimwomba Anselmo asimame pale tu, karibu na karatasi, na akina mama wakaona wenyewe. Huyu alikuwa na nyusi zake. Yule taya lake. Mtoto wa Hermelinda, aliyepotea na teksi yake, alikuwa na kishimo kidevuni.

Doña Hermelinda alilitazama tangazo la mwanawe kwa muda mrefu. Nohemí alitamani apige kelele. Hakupiga.

"Umetugawia mtoto mmoja sisi sote," alisema. "Nami nimelala na picha hii chini ya mto."

"Nitazitengeneza upya, Doña Hermelinda. Zote."

"Najua utatengeneza. Utafanya nini kingine?" Akaanza kuyabandua matangazo ukutani, polepole, pembe kwa pembe, asije akayachana.

Mvua haikuwa imekatika walipofika nyumbani kwa Nohemí: yeye, Doña Fina, na Anselmo, ambaye alisema basi la kurudi ni la kesho na hana pa kwenda. Ukweli, alitaka kuona uso wake ukitolewa kwenye kile kitu kwa macho yake.

Kuitupa modeli nyepesi moja kwa moja kungekuwa rahisi, lakini foleni ya akina mama ingerudi kuwa ya miaka. Nohemí aliamua kuzichanganya upya tabaka kwa tabaka. Modeli hizi zina matabaka mengi, na kila moja lina kazi yake. Yale yanayoshughulika na mwanga, nguo na ukuta wa nyuma aliiachia nyepesi. Yale yanayoshughulika na macho, mifupa na ngozi aliyarudisha yote kwa ile nzito. Kisha akaongeza hatua za uchoraji, maana uso hauwezi kuharakishwa.

Mchoro wa kwanza ulitoka kama ngozi iliyobabuliwa na moto, macho yametumbuka. Aliiagiza kwa mkazo mno, nayo ilitii kupita kiasi. Akapunguza mkazo. Wa pili ukatoka ukungu mtupu. Akapandisha kidogo. Mashine ilihema chini ya meza, ikapasha moto chumba kizima. Anselmo alisinzia kitini. Doña Fina alikaa kitandani, mikono mapajani, akitazama kioo cha kompyuta kama watu wanavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji.

"Mwanangu, umekula?" alimuuliza Nohemí.

"Bado, mama."

"Mimi pia bado." Hakuna aliyenyanyuka.

Alasiri, uso ukaja.

Haukuwa mzuri. Paji lilikuwa limeanza kukimbiwa na nywele. Sikio moja lilichomoza kuliko jingine. Macho yalikuwa mazito, yameshuka pembeni. Nohemí alibadilisha mbegu, akasubiri tena, akabadilisha tena. Nywele zilibadilika, unene ulibadilika, lakini sikio lilibaki na macho yalibaki. Hivyo vilitoka kwa kijana mwenyewe.

Hata hivyo alijilazimisha kusema. "Mama, hii nayo ni makisio. Mashine haijui alikokwenda wala alichokula. Usiipende sana."

Doña Fina alikuwa ameshasogea karibu na kioo.

"Huyu ana uchovu wa kwetu," alisema. "Kaka yangu alikuwa hivi hivi. Alizaliwa amechoka."

Akacheka kidogo, ndipo machozi yakamtoka, na kilio chake hakikuwa na sauti.

Anselmo aliamka. Akajinyoosha, akaja nyuma yao, akatazama. Nohemí alitarajia angefurahi, kwa kuwa hapakuwa na chembe yake tena katika uso ule. Lakini Anselmo aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Huyu namjua," alisema.

Doña Fina hakugeuka. Labda alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi mno katika maisha yake.

"Anafanya kazi kwenye duka la mikate mtaani kwetu," Anselmo akaendelea. "Wanamwita Toño. Mtu kimya. Tena kuna jambo. Kila mlipobandika tangazo pale kwetu, yeye ndiye aliyelibandua. Nilimwona kwa macho yangu, asubuhi na mapema, analikwangua nguzoni kwa kisu cha keki. Nilidhani ananihurumia mimi."

Utasema ni sadfa, msomaji. Nohemí naye alisema hivyo, tena kwa sauti. Alisema kwamba mtu anaweza kubandua tangazo kwa sababu elfu, kwamba Puebla ni jiji kubwa, kwamba walikuwa wametoka kumkumbatia mtu asiye wao asubuhi hiyo hiyo, na kwamba yeye hakuwa na nguvu ya kuiona siku ya namna ile mara ya pili.

"Tangazo lilikuwa na sura yako, kaka," alimwambia Anselmo. "Kwa nini limsumbue yeye?"

Doña Fina ndiye aliyejibu. "Sura ilikuwa yake. Jina lilikuwa la nani?"

Nohemí akaizima mashine.

Asubuhi yake walikuwa Puebla. Njia nzima Doña Fina aliomba jambo moja tu, dirisha lifungwe. Anselmo aliwaongoza kwa vichochoro, kofia imeshushwa hadi machoni, maana lile gari la vioo vyeusi lilikuwa halijamtoka moyoni. Wakafika kwenye duka dogo lenye harufu ya mdalasini na siagi. Anselmo akabaki nje.

Nyuma ya kaunta alikaa bibi kizee mwembamba, sweta ya kijani, macho makali. Na kwenye mlango wa jikoni akatokea mwanamume amebeba sinia la mikate ya mviringo.

Moyo wa Nohemí ulishuka. Pua haikuwa ile. Pua ya mtu huyu ilikuwa imepinda, pana, na shavuni palikuwa na kovu refu ambalo mashine isingeliweza kulijua. Sikio lilichomoza, ndiyo, lakini wangapi duniani wana sikio lililochomoza? Akageuka kumshika Doña Fina mkono waondoke kabla mambo hayajaanza.

Alikuwa amechelewa. Doña Fina alikuwa ameshafika kwenye kaunta.

"Rubicel," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula.

Sinia halikutikisika. Mwanamume aliliweka chini kwa uangalifu, akasawazisha mikate miwili iliyokuwa imeteleza, ndipo akainua macho.

"Umekosea, mama. Mimi ni Toño."

"Eti?"

"Toño, mama. Huyo unayemtaka simjui. Pole sana." Akageuka, akarudi jikoni, na pazia la mlango likaanguka nyuma yake.

Doña Fina alibaki amesimama. Nohemí alimwona akizeeka pale pale, begani, shingoni, miguuni. Alitaka kumwomba msamaha na hakujua aanzie wapi: kwa uso wa kwanza, kwa uso wa pili, au kwa kumleta mpaka huku. Akampitishia mkono kiunoni.

"Twende nyumbani, mama."

"Twende," Doña Fina alisema. "Nimechoka, mwanangu. Safari hii nimechoka kweli."

Walikuwa wamebakiza hatua chache kufika mlangoni bibi wa sweta ya kijani alipowapita ubavuni kwa mwendo ambao haukuwa wa umri wake. Akanyoosha mkono, akaivuta shata ya chuma, nayo ikateremka kwa kishindo hadi chini. Duka likawa giza. Anselmo alisikika akigonga kutoka nje, akiuliza kulikoni.

"Kaeni," bibi alisema. "Mwacheni alie kwanza."

Wakatega masikio. Kutoka nyuma ya pazia, chini ya mngurumo wa tanuri, ilikuja sauti ya mwanamume mzima aliyejibana mdomo kwa kiganja.

Doña Fina alipiga hatua kwenda kule. Bibi akamzuia, mkono kifuani pake, bila ukali.

"Ni mwanangu," Doña Fina alisema. "Nipishe, dada."

"Najua ni mwanao. Nimejua tangu siku aliyogonga mlango huu usiku ana damu nguoni." Bibi alivuta kiti, akamsukumia. "Lakini keti kwanza, uniulize ile damu ilikuwa ya nani. Ukishajua, mama, huenda ukatamani ungekuwa bado unamtafuta."